Tovuti ya habari ijaribiwe Chwaka kabla ya kuzinduliwa mjini

Na Mwandishi Wetu, Chwaka

MWANZONI mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikisogelea pwani ya Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa tahadhari moja baada ya nyingine, na usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Unguja ukasitishwa. Kwa mvuvi wa Chwaka, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja kilicho zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, taarifa ya namna hiyo si ya kusoma kwa kujiburudisha. Anataka kujua mambo mawili kabla ya kusukuma ngalawa majini: onyo hilo ni la leo au la jana, na saa iliyotajwa ni ya mchana au ya jioni.

La kushangaza ni kwamba mambo hayo mawili ndiyo ambayo tovuti za habari za Kiswahili mara nyingi huyaficha. Tarehe huwekwa kwa herufi ndogo za kijivu chini ya picha, mahali ambapo macho hayafiki, hasa kwa mtu anayesoma simu akiwa juani ufukweni. Saa nayo hupigwa muhuri na mtambo wenyewe, kwa hesabu ya Kizungu. Habari iliyowekwa "Mei 3, 6:00 PM" imewekwa saa 12 jioni, lakini msomaji aliyezoea kuhesabu saa kuanzia kuchomoza na kuzama kwa jua huiona hiyo sita na kuisoma sita. Hapo amekosea kwa saa sita kamili, na kosa si lake.

Wahariri wa magazeti ya Kiswahili walilimaliza tatizo hili zamani kwa kuandika "saa 6:00 mchana" au "saa 12:00 jioni". Liliporudi mlangoni kwa njia ya kompyuta, lilirudi kwa sababu mitambo ya kuendeshea tovuti hununuliwa au hupakuliwa ikiwa tayari imetengenezwa kwa ajili ya watu wengine, na fundi wa hapa huibandika nembo ya gazeti na kuiacha kama ilivyo. Maneno ya Kiingereza hubaki pembeni mwa ukurasa kama bei iliyosahauliwa kwenye nguo mpya.

Dawa ya tatizo la aina hii inajulikana, tena ni ya bei nafuu kuliko watu wanavyodhani. Ni kuchukua tovuti kabla haijazinduliwa, kumpa mtu atakayeisoma, kumtaka atafute jambo fulani ndani yake, kisha kunyamaza na kumwangalia.

Wataalamu huita zoezi hilo majaribio ya watumiaji. Halina uhusiano na kuuliza maoni. Anayeulizwa kama tovuti ni nzuri atajibu kuwa ni nzuri, na mwulizaji ataondoka na furaha isiyo na faida. Katika majaribio, mtu hupewa kazi ya kutenda: "Tafuta kama boti za kesho zitasafiri." Anapotafuta huombwa aseme kwa sauti yale yanayompitia akilini, kwamba hapa nadhani nibonyeze hiki, kumbe sicho, hapa sielewi. Mbinu hiyo ya kuwaza kwa sauti ilielezwa mwaka 1982 na Clayton Lewis, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM, na hadi leo haijapata ya kuishinda kwa urahisi.

Swali linalofuata huwa ni la idadi. Wakuu wa vyombo vya habari wakisikia neno utafiti hufikiria madodoso elfu moja na bajeti isiyopatikana. Mtaalamu mwenye asili ya Denmark, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kwa duru moja ya majaribio. Hesabu yake, aliyoifanya awali pamoja na Tom Landauer mwaka 1993, ni kwamba kwa wastani mtu mmoja hugundua asilimia 31 ya kasoro zilizopo. Wa pili hurudia baadhi ya zilezile na kuongeza chache, wa tatu huongeza chache zaidi, na wakifika watano zimeonekana takriban asilimia 85. Wa sita na kuendelea huonyesha zaidi yale yaliyokwisha kuonekana. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kuwapata watu 15 ni afadhali awagawe katika duru tatu za watu watano, na arekebishe tovuti kati ya duru moja na nyingine.

Hesabu hiyo ina sharti ambalo husahauliwa. Watano hao wawe ni watu wa namna moja. Wasomaji wakiwa wa makundi tofauti, Nielsen mwenyewe alishauri kila kundi litoe watu wake, watatu watatu iwapo makundi ni matatu au zaidi. Na gazeti la Unguja lina makundi matatu yasiyofanana hata kidogo: mtu wa mjini anayesoma akiwa ofisini au ndani ya daladala, mtu wa shamba kama wa Chwaka, na ndugu yao aliyeko Muscat au London ambaye ana intaneti ya kasi, ana kiu ya habari za nyumbani, na ana muda wa kusoma usiku.

Huyo wa tatu ndiye anayewapotosha wengi. Takwimu za seva humhesabu kila alipofungua ukurasa, na kwa kuwa hafungui ukurasa mmoja tu, sauti yake huwa kubwa katika ripoti za kila mwezi. Mkazi wa Chwaka aliyesubiri ukurasa ufunguke, ukakataa, akaamua kuuliza kwenye kundi la WhatsApp la familia, haonekani popote katika ripoti hiyo. Mhariri huona idadi imepanda na kuongeza picha na video zaidi, kwa manufaa ya yule ambaye tayari anaona vizuri.

Ndiyo maana Chwaka ni mahali pazuri pa kufanyia majaribio. Kijiji kipo Wilaya ya Kati, Mkoa wa Kusini Unguja, mbele ya ghuba yenye mikoko na majani ya bahari, sehemu yake ikiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004. Watu wake huishi kwa uvuvi, mnada wa samaki, kilimo cha mwani, biashara na ajira za serikali na hoteli. Samaki wa hapo huliwa mjini. Habari za hapo zinamhusu mtu wa Darajani zaidi ya anavyojua.

Lakini anayekwenda kujaribu tovuti Chwaka hana budi kuanza na kalenda ya maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali na ghuba ikabaki wazi. Hapo ndipo wanawake, ambao ndio wengi katika kilimo cha mwani tangu kilipoanza kibiashara Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, huwa shambani mwao baharini. Timu itakayowasili saa 4 asubuhi ya siku ya bamvua itawakuta wazee wachache barazani na vijana wa dukani, itawajaribu hao, na kurejea mjini ikidai imewafikia wananchi. Wakulima wa mwani watakuwa hawakuulizwa lolote.

Kabla ya hapo kuna sheha. Hakuna ulazima wa kulifanya jambo hili kuwa kubwa, ila mgeni anayeingia kijijini na kuanza kuwaonyesha watu simu na kuandika majibu yao bila sheha kujua, atakuwa amejitafutia mashaka mwenyewe, na waliojibu atakuwa amewatafutia pia.

Kisha inakuja adabu, na hapa ndipo pagumu kuliko pote. Watu wa pwani hawamkatishi mgeni tamaa. Kijana aliyesafiri kutoka mjini, akaamkia shikamoo, akakaribishwa maji au dafu, hataambiwa usoni kwamba kazi yake haisomeki. Ataambiwa "hongera mwanangu, mmefanya vyema", na moyoni mwa aliyesema hivyo hakuna uongo, ni ukarimu. Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2012 watafiti waliofanya kazi Bangalore, India, akiwamo Nicola Dell, walionyesha kuwa watu walikipendelea chombo kilichodhaniwa kuwa ni cha mwulizaji mara mbili na nusu zaidi kuliko kingine, ingawa vyenyewe havikuwa na tofauti. Mwulizaji alipokuwa mgeni wa nje anayetumia mkalimani, upendeleo huo ulifika mara tano.

Njia ya kwanza ya kujikinga ni aliyeitengeneza tovuti asiwe ndiye anayejaribu, au angalau asijitambulishe hivyo. Ya pili ni kuwaonyesha watu tovuti mbili au tatu bila kusema ipi ni ya nani. Ya tatu, ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo inayotufaa zaidi, ilibuniwa India na Apala Lahiri Chavan. Alipoona watu wanaona haya kukosoa, aliwapa kisa kama cha filamu za kwao: mpwa wako anakaribia kuolewa, na umegundua kwamba bwana harusi ni muuaji wa kukodiwa, na ushahidi unao mkononi. Nunua tiketi upesi ufike kuizuia ndoa. Watu walizama ndani ya kisa, wakasahau heshima, na mtandao ulipowakwamisha wakaulaumu waziwazi.

Watu wetu hawahitaji sinema ili kuingia ndani ya kisa. Mwambie mama wa Chwaka: "Ni jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani. Nguo za watoto bado ziko kwa fundi, na hujui kama kesho ni Idi au ni kufunga. Angalia humu Ofisi ya Mufti imesemaje." Hapo atasahau kuwa anajaribiwa. Ikiwa ukurasa utamletea tangazo la mwaka uliopita, kwa kuwa tovuti haikutaja mwaka, au kwa kuwa simu imehifadhi nakala ya zamani, kasoro hiyo itajionyesha yenyewe mbele ya kila mtu. Kisa hicho pia kitafichua jambo jingine: kwa hesabu ya wazee, usiku hutangulia mchana wake, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule ambao wengine wanauita Alhamisi usiku. Mwandishi anayeandika "usiku wa kuamkia Ijumaa" huwaokoa wote wawili.

Mtu mmoja ajaribiwe kwa wakati mmoja. Baraza ni pazuri kwa mazungumzo na pabaya kwa majaribio, kwani mmoja akikwama wanne humwelekeza kidole mahali pa kubonyeza, na kumbukumbu itaandikwa kwamba alifaulu. Atumie simu yake mwenyewe, yenye ufa wake na bando lake, kwa sharti kwamba gharama ya bando irudishwe. Simu mpya ya ofisini itaficha nusu ya matatizo. Naye anayeandika asisaidie. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mtu mzima akiuliza "hapa nibonyeze wapi, mwanangu?" malezi yote yanamtaka kijana ajibu. Jibu linalofaa ni kumrudishia swali kwa upole: "Wewe, bibi, ungejaribu wapi?"

Suala la maneno linastahili kuangaliwa kwa kina, maana tovuti ni maneno kabla ya kuwa rangi. Kiswahili cha kompyuta kilipata msukumo mwaka 2004 ulipotoka mfumo wa Jambo OpenOffice, kazi ya mradi wa Kilinux uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu hapo maneno kama kivinjari, kiungo na kitufe yamezoeleka kwa wengi. Tatizo leo si upungufu wa istilahi. Ni istilahi zilizofasiriwa neno kwa neno na mtu asiyefikiria msomaji atatafuta nini.

Chukua "Nyumbani", neno linalowekwa juu ya kurasa nyingi kumaanisha ukurasa wa kwanza. Kwa Kiswahili nyumbani ni kwa mtu anapolala, na mgeni wa tovuti anaweza kudhani ni habari za ujenzi au za mapishi. "Mwanzo" linatosha. "Shiriki", linalokusudiwa kumwezesha msomaji kuipeleka habari kwa wengine, linamwita kushiriki bila kumwambia katika nini. "Sambaza" halina utata. "Matangazo" linabeba mizigo miwili au mitatu: biashara, zabuni, na kwa Mzanzibari aliyelelewa na redio, matangazo ya vifo, ambayo watu huyasikiliza kwa makini kuliko hotuba nyingi. Anayetafuta tanzia akibonyeza "Matangazo" na kukutana na pikipiki za mkopo atakuwa na haki ya kukasirika.

Gumu kuliko hayo ni "Kitaifa". Magazeti ya Dar es Salaam hulitumia bila wasiwasi. Msomaji wa Unguja, mwenye Baraza lake la Wawakilishi na Bunge la Muungano kwa pamoja, atatarajia habari za Zanzibar humo au za Tanzania nzima? Mmoja atasema hivi, mwingine vile, na wote watakuwa na hoja. Mhariri anaweza kulijadili hili mezani mwaka mzima kwa misingi ya siasa. Kuna njia fupi. Andika vichwa 30 vya habari kwenye vipande vya karatasi, mpe mtu avipange katika mafungu anavyoona mwenyewe, kisha mwambie alipe kila fungu jina. Watu kadhaa wakifanya hivyo peke yao, majina yanayojirudia ndiyo yafaayo kuwekwa juu ya ukurasa. Huenda ikawa "Unguja", "Pemba" na "Bara", au jingine kabisa. La muhimu ni kwamba litatoka kwao.

Zoezi hilohilo la karatasi litaonyesha pengo kati ya lugha ya ofisi na lugha ya pwani. Tangu ilipoundwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi mwaka 2020, "uchumi wa buluu" umekuwa msemo wa semina na vichwa vya habari. Mkulima wa mwani anayetaka kujua bei hatafuti uchumi wa buluu, anatafuta mwani. Mzazi wa Unguja naye hutafuta "skuli", na kama tovuti imeandika "shule" kila mahali na kisanduku cha kutafutia hakijafundishwa kuwa hayo ni mamoja, ataambiwa hakuna kilichopatikana, ingawa habari ipo. Kurekebisha hilo ni kazi ya mchana mmoja kwa fundi anayejua kazi yake.

Tukija kwenye uzito wa ukurasa, hesabu ni nyepesi. Ukurasa wa kawaida wa mtandao duniani siku hizi huwa na zaidi ya megabaiti 2. Maandishi ya makala ya maneno 2,000 kama haya hayafiki kilobaiti 20. Kilichobaki ni picha zisizopunguzwa, matangazo yanayocheza, na programu ndogo za kumfuatilia msomaji. Mwenye bando la megabaiti 100 atafungua kurasa kama 50 za uzito huo na bando limekwisha, wakati maandishi matupu yangemtosha kwa kurasa 5,000.

Wapo waliokwisha kulitambua hili. Kimbunga Irma kilipoipiga Florida Septemba 2017, CNN na redio ya NPR za Marekani ziliwaelekeza watu kwenye kurasa za maandishi matupu, ili hata aliyebakiwa na mtandao dhaifu asome. Idhaa ya Kiswahili ya BBC nayo huwapa wasomaji toleo la maandishi pekee linalotumia data kidogo. Unguja tuna sababu zetu za kufanya hivyo. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikosa umeme kutokana na hitilafu katika njia ya kebo ya baharini inayouleta kutoka Bara, mwaka mmoja na nusu tu baada ya kukaa gizani kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008. Kebo mpya ilizinduliwa mwaka 2013, lakini aliyeishi miezi ile anajua maana ya kuhesabu chaji ya simu. Ukurasa mzito hula bando na chaji pia.

Kinachobaki ni upinzani wa ndani ya chumba cha habari. Picha kubwa zinazojigeuza zenyewe juu ya ukurasa hupendwa na wakubwa kwa kuwa kila mmoja hupata nafasi ya kuonekana, na kiongozi akifungua semina hutegemea kujiona hapo. Msomaji huzipita akidhani ni tangazo la biashara. Hakuna hoja itakayomshawishi mhariri mkuu kuziondoa kama kumkalisha nyuma ya mtu wa tatu mfululizo anayezipita bila kuziangalia, akitafuta chini yake saa ya boti. Kwa sababu hiyo kila duru ya majaribio ihudhuriwe na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua, akae kimya kama wengine.

Jioni ya siku hiyohiyo, kabla ya gari ya kurudi mjini, waliohudhuria waandike kila mmoja kasoro tatu alizoona zinawakwamisha watu zaidi. Zilizojirudia zitengenezwe kwanza, hata kama ni ndogo machoni mwa fundi, kwa mfano kuikuza tarehe na kuitoa kwenye rangi ya kijivu. Zile za kupendezesha zisubiri. Duru ya pili ifanyike baada ya wiki moja, bamvua likiwa limepita na watu wapo majumbani, kwa watu wengine watano ambao hawakuiona tovuti ile ya mwanzo.